Mji wa Wabeba Vitanda

Hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema miaka ile ya themanini, tena kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na haki yangu nilikuwa nayo. Mtu kazaliwa Kaloleni, kagema mnazi kabla hajaota ndevu, katoka shule darasa la tatu kwa ugomvi na mwalimu, kabeba magunia ya chumvi Gongoni mpaka mabega yakafanya sugu kama nyayo, kisha kaingia Malindi na kandambili za kuazima, na baada ya miaka kumi ana nyumba ya vyumba vinane, bati jipya, choo cha kuvuta maji. Mtu huyo utamshangaza na nini?

Vyumba saba nilipangisha. Mchana nilitembeza watalii, na kazi hiyo sijaona aliyenishinda. Siri yake leo naweza kuitoa, maana nimeiacha. Wenzangu waliwapeleka wageni kwenye msalaba wa Mreno na makaburi ya kale, wakawaeleza habari za Malindi. Nani ana haja na kaburi la mtu asiyemjua? Mimi niliwaeleza habari za kwao. Mgeni wa leo nilimdodosa polepole: kwenu kuna mto? Kanisa kubwa la nani? Nani aliwapiga vita? Nikahifadhi. Miezi sita baadaye akija mwingine wa mji huohuo, namwambia: “Ah, kwenu kule penye daraja lililovunjika!” Mtaliana mmoja alinibusu mashavu yote mawili, mbele ya watu, sokoni. Nilikuwa nimeshika samaki.

Kwa hiyo mpangaji mpya alipokuja na masanduku mawili na shoka la kukatia nyama lililofungwa gazetini, sikushtuka. Alikuwa mzee mfupi, nywele nyeupe kama sufi, mzaliwa wa Vietnamu. Alipika katika meli za Wafaransa tangu ujana, akashukia Ngazija, akakaa huko miaka ishirini, na sasa hoteli moja ya ufuoni ilikuwa imemwita kuwa mpishi wake. Kiswahili chake kilikuwa cha Ngazija, unakisikia kinapanda na kushuka, lakini utakielewa ukitulia. Nikampa chumba cha uani. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na yeye akaniitikia kwa kuinama, jambo ambalo watu wa mtaa wangu hawakuwahi kunifanyia.

Juma la kwanza aliomba mtungi. Akaujaza dagaa na chumvi, akaufunika, akauweka juani karibu na dirisha. Siku ya nane jirani akanipigia kelele akiwa juu ya ukuta.

“Weye! Umepangisha chumba au umepangisha maiti?”

“Hicho ni kitoweo cha kwao!”

“Basi kwao nani kabaki hai?”

Sasa nieleze lililokuwa likiniwasha kweli, kwa maana mtungi haukuwa lolote. Mtaa wa Shela alikaa mjane mmoja aliyeuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake. Watu wao walitoka kisiwa cha Amu zamani, na aliongea Kiswahili ambacho ukikisikiliza unaona haya ya kufungua mdomo wako. Mimi nilikuwa nimesilimu mwaka wa pili, nimejenga, nimenenepa kidogo mahali panapotakiwa, na nilikuwa nimekwisha peleka posa. Mwenyewe alinikubalia kwa macho, lakini ndiyo ya macho haifungi ndoa. Walii wake, mwenye kumwozesha, alikuwa kaka yake, mwalimu aliyestaafu, mtu mrefu, mkavu, aliyekalia baraza ya nyumba yao kila jioni kama kwamba anasimamia mtihani. Posa yangu alikuwa nayo mwezi wa tatu huo, na kila nilipopita aliiangalia saa yake.

Niliwahi kumsikia akisema, na alitaka nisikie: “Elimu ya bwana huyu inaishia pale penye kutia sahihi.”

Jioni moja, Jumatatu, nilimpitisha mpangaji wangu barazani ili watu waone ninapangisha wageni wa mbali namna gani. Mwalimu alimkaribisha vizuri, kahawa ikaletwa, akamwuliza katoka mji gani.

“Nam Dinh,” mzee akajibu. “Ni mji mkuu wa mkoa.”

Mwalimu akazungusha kikombe chake. Alikuwa akiitaja mito ya Urusi kwa mpango, kutoka huku kwenda kule, lakini Nam Dinh hana. Watu wote walimtazama. Hapo ndipo ulimi wangu, ambao umenijengea nyumba na umenibomolea mengi, ulipojitoa wenyewe.

“Nam Dinh? Ule naujua nje ndani.”

“Wewe!” Mwalimu akaweka kikombe chini. “Wewe hata Kilifi unaijua kwa sababu feri husimama.”

“Niulize utakalo.”

“Sikuulizi. Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, utatueleza hapahapa mji huo tangu mwanzo wake hadi leo, na mwenyewe mzee akiwepo. Ukitutilia uongo hata mmoja, basi na lile jambo jingine tulisahau.”

“Na nisipotia?”

“Lile jambo jingine nitalijibu.”

Watoto wa mtaa walijua jambo jingine ni lipi. Mjane alikuwa nyuma ya pazia, na niliona pazia likitikisika, ingawa upepo haukuwepo.

Asubuhi zote zilizofuata nilikuwa uani nimemkalia yule mzee kitako, yeye anamenya tangawizi kabla ya kwenda hotelini, mimi nahesabu kwa vijiwe kama tulivyohesabu magunia Gongoni: jambo moja, kijiwe kimoja. Kusema kweli nilitazamia habari za kuchosha. Sikuzipata.

Kwanza, akaniambia, wafalme waliotokea kwao walikuwa ukoo wa wavuvi. Wavuvi! Walimwozesha kijana wao kwa malkia mtoto, na kiti kikaja nyumbani. Kisha wakaanzisha desturi: mfalme akianza kuchoka anampa mwanawe kiti huko mji mkuu wa nchi, yeye anarudi kwao, pale panapoitwa Nam Dinh leo, anajijengea nyumba nzuri, na kutoka hukohuko anaendelea kumwamrisha mwanawe.

“Amestaafu lakini hajastaafu,” nikasema.

“Eee.”

“Kama mwalimu wetu.”

Mzee alicheka hadi kisu kikamponyoka.

Wapanda farasi wa Kimongoli waliokwisha kula nusu ya dunia walikuja mara tatu, na mara tatu wavuvi hao wakawarudisha. Karne nyingi baadaye ikajengwa ngome, na ndani yake mnara wa matofali wa kutundika bendera. Wafaransa wakaiteka ngome hiyo, wakairudisha, wakaona wamekosea, wakaiteka tena. Wakajenga kiwanda cha nyuzi na nguo kikubwa kuliko vyote upande ule, na mji wote ukaamka na kulala kwa honi yake. Pwani ya mkoa ule wanaanika maji ya bahari wapate chumvi. Niliposikia hivyo nilimwonyesha mabega yangu, na yeye akaniambia mjomba wake alikuwa nayo yaleyale. Baadaye zikaja ndege za Waamerika zikaupiga mji kwa mabomu, mnara wa bendera ukaanguka. Na siku tulizokuwa tukiongea, serikali yao ilikuwa imekusanya mikoa mitatu ikaifanya mmoja, na Nam Dinh ndio makao makuu yake. Mzee alilisema hilo la mwisho kwa kiburi kidogo, kama mtu anayekuambia mwanawe kapandishwa cheo ingawa nguo zimemchakaa.

Lakini kilichonikaa rohoni ni mtihani. Nam Dinh palikuwa na uwanja wa mtihani wa mfalme. Kila miaka mitatu wanaume walikuja kwa maelfu, vijana na wazee wenye wajukuu, kila mmoja kabeba mgongoni hema lake na kitanda chake cha mianzi, maana serikali haikutoa hata mkeka. Unatandika kitanda matopeni, unakaa juu yake, unaandika. Wasimamizi wanakalia viti virefu ajabu, miguu ya kiti mirefu kuliko mtu, wapate kukuona ukimchungulia mwenzako. Ukiandika kwa bahati mbaya herufi iliyomo katika jina la mababu wa mfalme, umekwisha, na viboko juu. Waliofaulu, jina la mmojammoja liliitwa uwanjani kwa baragumu kubwa, mbele ya umati. Wasioitwa walijitwika vitanda vyao, wakarudi walikotoka.

Mimi niliyetoka shule darasa la tatu nilifurahi mno. Nikasema, kumbe kuna nchi ambapo waliosoma walionekana kuwa wachukuzi!

“Na baba yako mzee,” nikauliza, “alibeba?”

Mzee akaosha kisu. “Ya baba si historia,” akasema, akaenda zake hotelini.

Ijumaa asubuhi nilirudi kutoka sokoni nikitamba na vijiwe vyangu ishirini na moja mfukoni. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na picha ya mwanamume katika fremu, vijiti vitatu vya ubani vinafuka, kuku mzima wa kuchemsha, bakuli la wali, kikombe cha chai kisichonywewa, na barua yenye stempu za kigeni. Mzee amevaa shati jeupe, macho mekundu. Aliinama mbele ya picha ile mara tatu.

“Baba yangu,” akaniambia. “Leo.”

Sasa wewe msomaji mgeni utasema, kwa nini hukuuliza zaidi? Ndiyo kwanza unajionyesha kuwa mgeni. Kwetu aliyefiwa haulizwi. Barua imekuja, ubani unafuka, macho mekundu: unauliza nini tena, saa ngapi na kwa homa gani? Aliyefiwa huachwa akae, na majirani ndio huinuka. Tena huyu hana ndugu hapa, mwenye nyumba wake ndiye ukoo wake. Na sitaficha, nilimwona pia mwalimu katika fikira zangu, akinitazama nikisimamia matanga ya mtu wa mbali kama mtu mzima wa mji. Huruma ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa mimi.

Nilitoka mbio. Kufikia saa tano mtaa mzima ulikuwa na habari. Mikeka ilitoka nyumba kumi. Nilinunua beberu na gunia la mchele, nikakodi masufuria mawili makubwa. Mjane alikuja mwenyewe na vijana wake wa kuni, akajifunga leso ya pili, akaniambia bila kunitazama: “Umefanya utu.” Neno hilo peke yake lilitosha kununua mbuzi wa pili, nikamnunua. Baada ya swala ya Ijumaa wanaume wakamiminika. Imamu alinivuta pembeni.

“Marehemu dini yake nini?”

“Ya wazee wao.”

“Mimi basi nimekuja kumpa pole jirani,” akasema, “na pilau haina dini.” Akaketi.

Wakati huo wajomba zangu wa Kaloleni, waliokuwa wamekuja mjini kuuza nazi, wakasikia mpwa wao ana msiba. Wakaingia wakiimba wimbo wa kilio wa kwetu, na mmoja akaanza kucheza. Watu wa Amu wakaangalia chini. Wanawake uani walipaza kilio. Jirani yule wa ukutani alilia kuliko wote, kwa majuto ya lile alilosema kuhusu mtungi.

Mzee akatoka chumbani, akasimama kizingitini.

Nilimtazama uso. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Alitazama mikeka, masufuria, wajomba. Akapita mkono kwa mkono, anapewa pole, anainama kwa kila mmoja, hata kwa watoto. Kisha akakimbilia jikoni akatoa sufuria lake la supu, ya tambi na mifupa ya ng'ombe, iliyonukia mdalasini, akawagawia watu kwa mikono yake.

Mwalimu alipokea bakuli lake, akasema kwa heshima: “Mzee, makiwa. Na maziko ni lini?”

“Alizikwa.”

“Lini?”

Mzee akahesabu kwa vidole, mwezi kwa mwezi, maana kwao pia siku za wafu hufuata mwezi wa angani. “Kabla ya ile vita kubwa ya pili. Miaka miwili kabla.”

Kilio uani kilikatika kama redio iliyochomolewa waya. Mjomba wangu alibaki mguu mmoja juu.

“Kila mwaka siku hii tunampa chakula,” mzee akaeleza. “Majirani huja. Mimi tangu nitoke kwetu sijapata majirani wa kuja. Barua hii ni ya mpwa wangu, ananikumbusha tarehe. Sikumwambia mtu. Nyie mmejuaje?”

Watu wote wakageuka kunitazama. Nimebeba magunia mawili kwa mara moja, lakini uzito ule sijaubeba tena. Mwalimu akaweka bakuli mapajani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni hasira. Mtu yule, ambaye hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuona meno yake, alicheka hadi supu ikamwagikia kanzu.

“Matanga ya miaka hamsini!” akasema. “Bwana mkubwa, wewe hukuchelewa kwenye msiba, msiba ndio uliokuwahi!”

Kisha akajifuta machozi, akaangalia saa yake. “Alasiri imepita. Haya. Nam Dinh.”

Nilisimama kati ya mikeka. Nikaanza na wavuvi waliopata ufalme, na watu walisikiliza, maana wavuvi walikuwamo. Habari ya mfalme mstaafu anayeamrisha nilimwambia mwalimu machoni, kicheko cha mjane kikatoka nyuma ya pazia la uani. Wamongoli nikawarudisha mara tatu. Na hapo, kwa utamu wa kusikilizwa, tabia ya kazi ikanipanda. Nilifungua mdomo niseme kwamba mara ya tatu wavuvi waliletewa mikuki kutoka Malindi. Nilikuwa nimefika “mara ya tatu wakaletewa...” nikamwona mzee amekaa na picha ya baba yake mapajani, ananitazama kwa imani kamili.

“Wakaletewa nini?” mwalimu akauliza upesi.

“Hawakuletewa kitu,” nikasema. “Walipigana kwa walichokuwa nacho.”

Nikaendelea na ngome, kiwanda, chumvi, mabomu, mikoa mitatu. Nilipofika kwenye mtihani vijiwe vilikuwa vimebaki viwili. Nikaeleza vitanda, viti virefu, herufi za haramu, baragumu. Nikabaki nimeshika kijiwe cha mwisho, kile cha swali ambalo mzee hakunijibu.

“Umemaliza?” mwalimu akauliza.

“Limebaki moja, lakini si langu.”

Mzee ndiye aliyelisema, akiwa ameketi. Baba yake alibeba kitanda mara tatu. Mara ya kwanza hakujua. Mara ya pili mvua ilinyesha, wino ukamwagika. Mara ya tatu alikuwa na uhakika, aliandika kurasa zote, na katika mstari wa mwisho akaweka herufi moja ya jina la bibi wa mfalme. Alilikumbuka hilo usiku akiwa amelala juu ya kitanda hichohicho. Akakaa siku nyingi akingoja baragumu, labda hawataona. Waliona. Akasema miaka mitatu si mingi, atarudi. Baada ya hapo mtihani wenyewe ukafutwa, na haukuwapo tena. Akaenda kiwandani kufunga marobota ya nyuzi, na huko maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Mtu aliyesoma miaka thelathini akawa anatia alama ya kidole.

 Mwalimu aliitazama picha ile, yeye aliyefelisha watoto wa watu miaka yake yote, mimi nikiwa mfano wa aina yao. Akauliza kwa sauti ndogo jina la marehemu. Mzee akamtajia. Mwalimu akainuka, akapanda juu ya ukingo wa baraza yangu, urefu wake wote, akakunja viganja mdomoni, akaliita jina lile kuelekea barabarani. Akaliita mara tatu. Alilivunjavunja kwa matamshi, lakini aliliita. Mzee alifunika uso kwa picha.

Siku ya pili mwalimu alikuja kwangu mwenyewe, asubuhi, na fimbo yake.

“Hukusema uongo,” akasema. “Nilikuona ukiutafuna na ukaumeza. Dada yangu nimemuuliza, naye ana lake, amekubali. Mahari yake ni kidogo, kitanda tu. Lakini kitanda hicho kiko kwa seremala upande wa pili wa mji, na utakileta wewe, mgongoni, mchana. Si mkokoteni, si wachukuzi.”

“Mwalimu, mimi ni mwenye nyumba!”

“Na yule alikuwa msomi.”

Kilikuwa kitanda cha mvule, miguu ya kuchongwa, na seremala hakupunguza hata ubao. Nilikijitwika kwa mabega yale ya Gongoni, nikapita sokoni, wenzangu wa utalii wakinipigia makofi na kuniuliza kitanda kinakwenda wapi na nani amefiwa safari hii. Nusu ya njia nilikitua chini, nikanunua kipande cha barafu ya ukwaju, nikaila nimekalia mahari ya mke wangu. Nilipofika, mwalimu alikuwa ametoa stuli ndefu ya dukani, amekaa juu yake mbele ya mlango, akinisimamia. Mzee mpishi alikuwa chini yake, shati jeupe. Nilipokitua kitanda, mwalimu aliita jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu wa Kaloleni, ambalo sikujua kwamba analijua. Nakiri kwamba hapo nilishangaa.

Kushangaa huko kulinigharimu mbuzi wawili, gunia la mchele, kukodi masufuria, kitanda, na barafu ile ya ukwaju ya senti hamsini: shilingi elfu mbili, mia tatu arubaini na saba, na senti hamsini.